Chungu cha Zamu

Iddrisu alizipanga fomu mezani mbili mbili, ya Memunatu kushoto na ya Hawabu kulia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kata shauri na sasa anataka tu aonekane muungwana. Zilijaa meza nzima. Zilizobaki akaziweka juu ya kiti ambacho Memunatu angekalia, kwa hiyo Memunatu akasikiliza mashtaka yake amesimama.

"Nyumba ya kwanza," Iddrisu alisema. "Mwanamke yule yule, swali lile lile. Katika siku saba zilizopita, ipo siku ambayo chakula cha nyumba hii hakikutosha? Wewe umeandika ndiyo, siku nne. Wiki mbili baadaye anakwenda Hawabu, na mama huyo huyo anamwambia hapana, hata siku moja. Nyumba ya pili, wewe siku tatu, Hawabu hakuna. Ya tatu, wewe siku tano, Hawabu hakuna. Niendelee?"

"Endelea," Memunatu alisema.

Akaendelea mpaka ya kumi na nane. Nyumba alizopewa zilikuwa ishirini na nne, na zilizolingana ni sita tu.

Mradi ulikuwa wa utafiti wa njaa ya wanawake katika vijiji vinavyoizunguka Tamale. Lakini kazi hii ya mwanzo haikuwa ya kupima njaa, ilikuwa ya kupima kipimo. Maswali yaliulizwa mara mbili, na watu wawili, siku kumi na nne katikati, ili ijulikane kama yanaweza kuaminiwa kabla ya utafiti wenyewe. Siku ya mafunzo Memunatu alilipenda sana jambo hilo. Alifurahi kusikia kwamba wasomi nao huijaribu mizani yao kabla ya kumpimia mtu. Hakujua kwamba mizani ikikataa, wa kwanza kutazamwa ni aliyeishika.

"Huenda walipata chakula hapo katikati," alisema.

"Mwezi wa saba huu. Nani amevuna? Nyumba kumi na nane zishibe kwa mpigo, na mimi nimelala tu sina habari?"

"Bwana Iddrisu, nimekwenda nyumba zote. Kwa miguu. Nyingine nimefika nimelowa chapachapa."

"Dada Memunatu, nina miaka tisa katika usimamizi. Nimewaona waliokaa kivulini wakajaza fomu ishirini kwa saa moja. Wote walikwenda kwa miguu. Wote walilowa."

Hawabu alikuwa dirishani anatazama nje, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, hajaolewa, na kazi yake aliifanya kama alivyotumwa. Hakufurahia mambo haya, lakini pia hakuona la kuongeza.

"Jumatatu Daktari Tahiru anafika kutoka Accra," Iddrisu alisema. "Ukiwa na maelezo, utayatoa mbele yake. Huna, ipo karatasi ya kutia sahihi kwamba ulijaza fomu nyumbani, na jina lako nitalipeleka kwenye miradi mingine. Mji wenyewe huu si mkubwa." Kisha akanyoosha mkono. "Mkoba."

Ulikuwa mkoba wa buluu, wa turubai, wenye nembo ya mradi. Mwezi mzima watoto wa vijijini walikuwa wakimwita mama wa mkoba. Memunatu akavitoa vilivyomo kimoja kimoja mbele yao: kalamu mbili, daftari lake mwenyewe, mtandio, nusu pakiti ya biskuti, na ndala ya mwanawe iliyokatika mkanda aliyokuwa akipeleka kwa fundi. Iddrisu alipoiona ile ndala akainamisha macho. Mlinzi wa getini alimwona akitoka amekumbatia vitu kifuani, akampa mfuko mweusi wa plastiki bila kuulizwa, na wema huo ndio uliomtoa machozi.

*

Ijumaa hiyo chungu kilikuwa cha Asana.

Nyumbani kwa Sumani, mume wa Memunatu, kijijini Kpanyili, wake wawili walipokezana jikoni siku mbili mbili, kama nyumba nyingi za upande ule. Asubuhi Sumani alifungua ghala akampimia mwenye zamu bakuli la mahindi. Mboga na viungo mwenye zamu alijua mwenyewe pa kuvipata. Asana ndiye mke mkubwa. Memunatu aliingia miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo hawakuwahi kugombana kwa ajili ya chungu, jambo ambalo Sumani alilitangaza kila arusi aliyoalikwa kana kwamba kazi hiyo aliifanya yeye.

Memunatu alimkuta kwenye kibanda cha mlangoni, anasuka kamba. Akamweleza yote. Sumani akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ulikwenda au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Kama ulikwenda, vipi karatasi zigombane?"

Hakuwa mtu mbaya, Sumani. Lakini swali lake ndilo ambalo Kpanyili nzima ingeuliza kesho kisimani, na Memunatu akaona afadhali angemtukana.

Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la jirani Asana alipopakua. Bakuli la Sumani ndilo lililotangulia, limejaa mpaka likafanya kilima, na mchuzi wa mlenda wenye kipande cha samaki mkavu. Likapelekwa kibandani. Kisha la Mama Lamisi, mama yake Sumani. Kilichobaki kikawekwa katikati ya wanawake na watoto watano. Ugali ulikuwa mlaini, umeongezwa maji. Mikono ikaenda na kurudi mara chache, na bakuli likawa jeupe.

"Mmeshiba, wanangu?" Mama Lamisi aliuliza kutoka kwenye kigoda chake. Aliuliza hivyo kila siku, kwa sauti ile ile.

"Tumeshiba, mama," walijibu wote kwa pamoja, nao pia kama kila siku.

"Mimi bado," alisema Rafia, bintiye Memunatu, mwenye miaka sita.

Memunatu akamfinya paja. Mtoto akaruka.

"Adabu iko wapi?" alimnong'oneza. "Chakula cha mama mkubwa hicho."

Asana alikuwa amewapa mgongo, anakwangua ukoko kwenye chungu. Alisikia, au hakusikia. Ule ukoko akautia mdomoni.

Rafia akalia kidogo, kisha akili ikamrudia, maana alikuwa mtoto wa kudai haki yake. "Mbona juzi nilisema hivi hivi hukunifinya? Ulicheka. Ukaniambia ninywe maji."

"Juzi zamu ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Basi."

Alilisema neno hilo, kisha akalisikia mwenyewe. Akabaki ameshika mkono wa mtoto, anamtazama Asana mgongoni.

*

Akaingia chumbani, akakaa karibu na mlango penye mwanga, akalifungua daftari lake. Humo aliandika kila nyumba aliyoingia: tarehe, mwenye nyumba, na wake wangapi, kwa kuwa fomu nayo iliuliza hivyo.

Alianza na zile sita zilizolingana. Wajane wawili. Nyumba nne za mke mmoja. Akazitazama zile kumi na nane zilizogombana. Wake wawili. Wawili. Watatu. Wawili. Wanne. Hapakuwa na hata moja ya mke mmoja.

Mwezi wa saba, mchana, mwanamke unayemkuta nyumbani ni mwenye zamu. Wengine wako palizi au wanaokota kokwa za shea za kukamulia mafuta porini. Kwa hiyo yeye alipopita mara ya kwanza, kila aliyemhoji alikuwa ameshika chungu. Mwenye chungu ana haki ya kukisema. Atakwambia mahindi ni haya, mboga ni hii, siku nne hatukushiba. Kisha Hawabu akaja baada ya siku kumi na nne, akamtafuta mwanamke yule yule, na mwanamke akamngojea nyumbani kwa heshima. Wake wawili, siku mbili mbili, ni siku nne zamu imezunguka. Memunatu akahesabu kwa vidole, akarudia, akarudia tena. Siku ya kumi na nne chungu kiko kwa mwenzake. Na chungu kikiwa kwa mwenzako, husemi kwamba hakikutosha. Ukisema, umemwita mvivu, mchoyo au mwizi wa unga, na hakuna nyumba itakayolala salama. Unasema tumeshiba. Hata ukiulizwa habari za wiki nzima, unasema tumeshiba, kwa sababu aliye mbele yako jikoni ndiye atakayelibeba neno lako.

Nyani haoni kundule. Amezaliwa huku, ameolewa huku, miaka kumi na moja ameshiba kwa mdomo katika zamu za Asana, na mwezi mzima ametembea na fomu kwapani asilione. Alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikifikiria kile chumba cha ofisi, na Iddrisu akiuliza: nani atathibitisha?

Hakuna mwanamke ambaye angekwenda kusimama mbele ya wageni aseme, ndiyo, chungu cha mwenzangu hakinishibishi. Kuthibitisha ndilo lile lile tusi. Na yeye mwenyewe, mfano pekee aliokuwa nao ulikuwa jikoni, anaosha vyombo.

Jumamosi alimfuata Asana nyuma ya nyumba, akakaa naye kuchambua mlenda. Akamweleza polepole, macho yakiwa kwenye majani.

Asana alichambua fungu zima ndipo akasema. "Kwa hiyo utakwenda mjini kuwaambia chungu changu hakishibishi watu."

"Na changu pia, dada."

"Chako kiseme wewe. Changu kina mwenyewe."

"Sijasema bado. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Miaka yote hii sijakusikia hata mara moja ukinung'unika. Nikasema moyoni, huyu nimepewa. Kumbe ulikuwa unaweka hesabu."

"Sikuweka hesabu, dada. Wallahi nimeijua jana, Rafia aliponiuliza."

Asana akainuka na ungo wake. Memunatu akauambia mgongo ule ule wa jana, "Basi sitasema. Nitatia sahihi karatasi yao."

Asana akaingia jikoni. Jumapili chungu kikahamia kwa Memunatu, na siku nzima wakasemeshana ya chumvi na kuni tu.

*

Jumatatu asubuhi Memunatu alitoka na mfuko wake mweusi, akamkuta Asana mlangoni amevaa kitenge chake cha Idi na viatu vya kufunika vidole.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Wewe unakwenda wapi?"

Asana akatangulia njiani.

Ofisini, Asana alikataa kukaa kabla ya kusalimia. Akamuuliza Iddrisu habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za uchovu, na Iddrisu, aliyekuwa ameandaa uso wa hukumu, akalazimika kujibu alhamdulillahi mara tano. Daktari Tahiru alikuwa mama mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Lugha ya nyumbani aliizungumza kama mtu aliyeondoka akiwa darasa la nne. Baba yake alikuwa mwalimu wa mjini mwenye mke mmoja.

Memunatu akaeleza. Alieleza zamu, siku nne, siku kumi na nne, nyumba sita na nyumba kumi na nane. Jina la Asana hakulitaja. Alipomaliza, Iddrisu akatabasamu.

"Hadithi nzuri. Lakini inamfaa sana msimulizi."

"Unaweza kutuonyesha, Memunatu?" Daktari aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. "Hata nyumba moja?"

Memunatu akayatazama magoti yake. "Siwezi, Daktari."

"Niulize mimi," alisema Asana.

Wote wakageuka.

"Mimi ni mke mwenza wake. Chukueni karatasi yenu mniulize kama mnavyowauliza wengine."

Daktari akavaa miwani, akachukua fomu tupu. "Mama, katika siku saba zilizopita, ipo siku ambayo chakula cha nyumba yenu hakikutosha?"

"Hapana," Asana alijibu. "Kimetosha siku zote. Alhamdulillahi."

Iddrisu akafungua mikono, kama anayesema mmejionea. 

"Umeandika?" Asana akamuuliza Daktari. "Andika kwanza. Haya. Hilo ndilo jibu langu la leo, kwa sababu leo chungu ni cha huyu. Ungekuja Jumamosi ningekwambia mengine. Ningekwambia Ijumaa unga haukutosha nikaongeza maji. Watoto walilamba bakuli. Mimi nilikula ukoko. Mtoto wa huyu akasema hajashiba, na huyu akamfinya ili nisione haya." Alikuwa akisema huku amenyoosha mgongo, anatazama ukutani juu ya kichwa cha Daktari. "Nikasikia. Nikajifanya kiziwi. Huyo ndiye mnayemwita mwongo."

 Hawabu akaweka kalamu chini.

"Na siku zangu mimi," Memunatu alisema, "yeye naye hunisitiri hivyo hivyo."

"Yako sijaulizwa," Asana alisema.

Daktari Tahiru akavua miwani. Akaitazama ile fomu aliyoandika *hapana* kwa mkono wake mwenyewe. "Bwana Iddrisu, kwako una wake wangapi?"

"Wawili, Daktari."

"Na hukulijua hili?"

Iddrisu akajikuna shingo. "Mimi huletewa bakuli, Daktari."

Hawabu akacheka, akajiziba mdomo, lakini Asana naye akacheka, na kwa hiyo ikawa halali.

"Mimi niliogopa jambo moja tu," Daktari alisema, na alisema zaidi kwa nafsi yake. "Niliogopa majibu kubadilika. Lakini fikirini kama tungewakuta mara zote mbili chungu kiko kwa wenzao. Majibu yote yangelingana. Ningefurahi mimi. Ningeandika kwamba kipimo chetu ni thabiti, na kingekuwa thabiti kweli, na kila mwaka kingetuambia hakuna njaa."

"Kama bakuli la sokoni lililobonyezwa kitako," Memunatu alisema. "Leo na kesho ni lile lile, halibadiliki, na leo na kesho linakupunja."

"Hilo hilo. Sasa nifundishe. Nikitaka kumkuta kila mmoja na chungu chake tena, niende lini?"

Hilo Memunatu alikwisha lifanyia hesabu Ijumaa, kwenye jalada la daftari. "Siku ya ishirini na nne tangu nilipokwenda mimi. Wake wawili, watatu, wanne, zamu inakuwa imerudi pale pale. Kila nyumba ihesabiwe kwa tarehe yake, zimo daftarini."

"Tutakwenda na Hawabu," Daktari alisema. "Wewe utabaki, Iddrisu asije akasema umewafunga midomo."

Nje, chini ya mabati ya kituo cha bajaji, Memunatu akamshika Asana mkono. "Dada, asante."

"Ya nini? Nimesema ya chungu changu."

"Umejivua nguo mbele ya watu kwa ajili yangu."

"Usinililie njiani, watu wanatazama." Lakini mkono hakuuondoa. Akasema, "Nilikasirika siku ile kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka kumi na moja unasema umeshiba. Ulidhani sikuoni unavyokwenda kwenye mtungi kunywa maji? Kila ulipoinuka nilikuombea dua, nikasema Mungu ampe huyu."

Memunatu akalia tu, watu wakatazama.

*

Nyumba kumi na saba katika zile kumi na nane zilirudi kwenye jibu la kwanza. Ya kumi na nane mke mdogo alikuwa amekwenda kwao kujifungua na zamu zimevurugika. Daktari aliyaandika upya maswali. Sasa mwanamke angeulizwa chungu chake tu, siku zake tu, akiwa peke yake, na wenzake vivyo hivyo, kisha nyumba ijumlishwe. Ukurasa wa mwisho, mahali pa kuwataja waliosaidia kukisahihisha kipimo, aliandika majina mawili, la Memunatu na la Asana, ambaye hakujua kusoma lakini alitaka aonyeshwe liko wapi.

Siku alipoonyeshwa, Iddrisu alikuja Kpanyili na pikipiki yake. Alileta mkoba wa buluu, umefuliwa, na kokwa sita za kola za kutafuna kwenye karatasi, kama anavyofanya mtu aliyekosa. Memunatu akazipokea. Wakati wa kuondoka Iddrisu akasimama kibandani kumsifia Sumani nyumba yake, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyekwisha poa moyo, alisema sana.

"Una wanawake hapa, ndugu yangu. Mke wako mkubwa alisimama mbele ya Daktari akasema wazi kwamba hula ukoko. Angekuwa nani mwingine angekubali?"

"Hula nini?" Sumani akauliza.

Iddrisu akaona amefungua mlango usio wake, akaaga.

Chungu kilikuwa cha Asana. Akapakua kama kawaida, la kibandani kwanza, na kilima chake. Wanawake na watoto wakala. Bakuli likawa jeupe. Mama Lamisi akageuka kwenye kigoda.

"Mmeshiba, wanangu?"

Watoto wakafumbua midomo, wakamtazama Memunatu kwanza, hasa Rafia, aliyeliziba paja lake kwa mkono. Memunatu akamtazama Asana.

"Sema," Asana alisema. "Chungu ni changu, nami nimekupa ruhusa."

Memunatu alikuta neno fupi kama hilo ni zito kuliko ndoo ya kisimani. "Hapana, mama," alisema. "Hatujashiba."

Mama Lamisi akakisogeza kigoda chake karibu. Aliolewa katika nyumba hii mke wa tatu, na swali hilo alilirithi kwa mama mkwe wake pamoja na kigoda. "Wala mimi," alisema hatimaye. "Miaka hamsini."

Asana ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka mpaka Mama Lamisi akashika mbavu, na watoto wakacheka bila kujua sababu, na hakuna aliyemwona Sumani mpaka alipokuwa amesimama katikati yao. Mwanamume haji mahali wanawake wanapokula. Mikononi alikuwa na bakuli lake. Kilima kilikuwa bado kipo, samaki bado yuko juu, hajamega hata tonge.

"Mimi kila siku nilikuwa nashiba," alisema. "Nilidhani mabakuli yote yako hivi."

 Akachutama, akaliweka bakuli chini katikati ya wake zake na watoto, akamega tonge moja dogo la pembeni, akalisukuma lililobaki mbele. Asana akachukua yule samaki, akamgawa vipande, cha kwanza akampa Rafia.

Memunatu alikula akiwa na machozi, na alimshukuru Mungu kwa kila tonge, kwa huyu mwanamke aliye kuliani kwake na hata kwa Iddrisu na domo lake. Walipofika katikati ya bakuli, Mama Lamisi akauliza tena, safari hii kwa kuwa alitaka kujua.

"Sasa je, mmeshiba?"

"Ngoja kwanza, mama," alisema Rafia, mdomo umejaa. "Bado tunaangalia."